Nani Amlishe Mwanafunzi?

Tangu Januari 2016, elimu bila ada ilipofikishwa hadi kidato cha nne, neno moja limezoeleka mno katika vijiji vya Nachingwea na Ruangwa: "Serikali imesema elimu ni bure." Mwalimu akiomba mahindi ya uji, hujibiwa neno hilo. Akiuliza kwa nini mtoto amekuja bila daftari, hujibiwa lilo hilo. Twaona yafaa neno hili lichambuliwe, maana mtoto hashibi kwa maneno.

Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 ulifuta ada na michango ya lazima. Mwaka uliofuata Serikali ilitoa Waraka Namba 3, ambao uligawa kazi waziwazi. Serikali ilichukua ruzuku ya uendeshaji wa shule, na mzazi aliachiwa sare, madaftari, kalamu, matibabu, na chakula cha mwanafunzi wa kutwa. Waraka wa kwanza ulivuma kila pembe. Wa pili wengi hawakuusikia kabisa. Kosa hilo hatuwatupii wazazi peke yao. Waliopanda majukwaani walipenda kutangaza lililo tamu, wakaacha lililo gumu lisomwe na walimu wakuu ofisini.

Hebu tupige hesabu. Ruzuku iliyowekwa ni shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi kwa mwaka. Ukiigawa kwa siku za masomo, ambazo hazifiki mia mbili, utapata kama shilingi 50 kwa siku. Fedha hiyo hainunui hata andazi, nayo yatakiwa ilipe chaki, mitihani, na ukarabati wa madarasa. Basi mwenye kudhani kwamba humo umo na uji wa mwanawe, na ajidanganye mwenyewe, asimdanganye mtoto anayetembea na njaa asubuhi hadi alasiri.

Hata hivyo, njaa si jambo baya kupita yote. Viongozi wa mikoa ya Lindi na Mtwara wamelalamika mara nyingi juu ya wazazi wawaambiao watoto wao waharibu makusudi mtihani wa darasa la saba, ili wasichaguliwe kwenda sekondari, na nyumba isipatwe na gharama. Mtoto mwenye akili huketi mbele ya karatasi, jibu analijua, naye huandika lisilo jibu kwa sababu ameamriwa na baba yake. Hatujui jina la kulipa jambo hili. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 yaweza kumshtaki mzazi asiyempeleka mtoto shule. Lakini ni hakimu gani awezaye kuthibitisha kilichonong'onwa jikoni usiku?

Twasikia udhuru wa umaskini, wala hatuubezi. Mkulima wa korosho huishi kwa msimu. Walakini minada ya chama kikuu cha RUNALI, kinachounganisha wakulima wa Ruangwa, Nachingwea na Liwale, huanza karibu na Oktoba, na fedha huwafikia wengi kabla shule hazijafunguliwa Januari. Twajua pia fedha hiyo hupita wapi. Jando na unyago ni mila zetu, nasi hatukuzaliwa juzi hata tuzidharau. Lakini mtu akilisha kijiji kizima wali na nyama siku mbili, kisha Januari akasema hana pesa ya madaftari, twauliza ameheshimu mila ipi.

Wilaya hizi zinajua sana maana ya kungojea mambo yatokayo mbali. Mwaka 1947 Waingereza walileta Nachingwea mpango wao wa karanga, wakajenga reli na kung'oa misitu, na mwaka 1951 wakauacha, baada ya kupoteza zaidi ya pauni milioni 35. Reli nayo iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kwa upande mwingine, baada ya Azimio la Musoma la Novemba 1974, ada ikiwa imekwisha kufutwa mwaka 1973, wananchi walifyatua matofali na kujenga madarasa kwa mikono yao. Hapakuwa na aliyedhani kwamba kufutwa kwa ada kumemfuta na mzazi.

Serikali nayo isijifiche nyuma ya lawama hizi. Mzazi aombwaye debe la mahindi ana haki ya kumkuta mwalimu darasani, na ana haki ya kujua debe lake limekwenda wapi. Wakulima wameumizwa na makato wasiyoyaelewa katika mauzo ya korosho, ndiyo maana neno "mchango" huwachefua. Mwalimu mkuu asiyebandika hesabu ukutani asishangae akinyimwa.

Twapendekeza mikutano ya wazazi ifanywe kabla ya mnada wa kwanza, si Januari watu wakiwa wamekwisha tumia. Wanachama wa kila chama cha msingi waamue wenyewe, kwa kura, ni kiasi gani kwa kilo kiende kwenye chakula cha shule, au kama wapenda kutoa mahindi na mbaazi wakati wa mavuno. Kamati ichaguliwe papo hapo, akina mama wawe wengi humo, kwani ndio wajuao kilo moja ya unga hutoa vikombe vingapi vya uji. Diwani na mwenyekiti wa kijiji wawe wa kwanza kutaja viwango vyao, mbele ya watu.