Shaba ya kufua haina jina

Igeuze sahani ya shaba ya Kolwezi. Mgongoni utaona makovu ya tindo, weusi wa lami iliyoshikilia bamba wakati wa kufua na, mara chache sana, herufi mbili zilizokwaruzwa kwa ncha ya msumari. Tembo, mama anayetwanga na ramani ya Afrika vya upande wa mbele msomaji anavijua. Viko ukutani mwa sebule nyingi za Lualaba, vimepakwa vanishi. Makala haya yanahusu herufi mbili za nyuma, maana bei ya biashara hii inazidi kukaa pale.

Mchuuzi mmoja wa mjini, aliyeomba jina lake lisiandikwe, yumo kazini tangu mkoa wetu ukiitwa bado Shaba. Anasema mnunuzi wa leo, mara nyingi mgeni wa migodini, hatazami tembo. Anageuza sahani na kuuliza nani kaifua, mwaka gani. Mchuuzi hana jibu: alinunua kwa dalali, na dalali alikusanya kutoka nyua tatu au nne za mafundi. Hapo bei inaporomoka. Kinachomuuma zaidi ni kwamba sahani ileile ikivuka bahari hupata wasifu, "Katanga, miaka ya 1960", ulioandikwa na mtu aliyeinunua kwake bila wasifu wowote, na kwa bei ya kitu kisicho na wasifu.

Lalamiko lake la pili ni la mpakani, na hili analieleza akiwa amesimama. Yai la malakiti lililosuguliwa likang'aa, je, ni madini au ni sanaa? Likiwa madini linadai karatasi za madini. Likiwa sanaa, linadai karatasi nyingine. Kila meza, anasema, humwelekeza kwenye meza ya pili, na kila meza ina gharama zake zisizo na risiti. Hatukuweza kuthibitisha kila alichosema kuhusu risiti, ila hatukumpata mchuuzi aliyekikanusha.

Waingereza walilimaliza suala la alama kwa fedha zamani sana. Kikombe cha fedha kina simba wa kuonyesha usafi wa madini, nanga ikiwa kilipimwa Birmingham au kichwa cha chui ikiwa ni London, herufi ya mwaka, na herufi za mtengenezaji. Anayekusanya kazi za mikono za mwisho wa karne ya 19 husoma safu hiyo kama mtu asomavyo kitambulisho. Shaba, kwa upande wake, haikulazimishwa na sheria kubeba alama hizo. Hata hivyo huko Newlyn, kijiji cha wavuvi cha Cornwall, ambako kuanzia 1890 wavuvi waliokosa kazi walifundishwa kufua shaba, vyombo vingi viligongwa jina la kijiji. Vyenye jina hununuliwa bila ubishi mwingi. Visivyo na jina hubishaniwa. Mchuuzi wetu hajawahi kusikia habari za Newlyn, lakini alipoelezwa alicheka na kusema hao wavuvi walikuwa na mtu mwenye akili nyuma yao.

Si kwamba shaba yetu haikuwahi kusomeka. Misalaba ya shaba iliyotumika kama fedha katika nchi hii ilitambulika kwa umbo na uzito. Ile iliyochimbuliwa kwenye makaburi ya Sanga, kando ya ziwa Kisale, mwaka 1957 na 1958, ilisaidia watafiti kupanga nyakati: jinsi karne zilivyosogea ndivyo misalaba ilivyozidi kuwa midogo na kufanana, dalili ya kitu kinachohesabiwa. Bendera ya Katanga ya 1960 ilichorwa misalaba mitatu, na sarafu za 1961 nazo zikabeba msalaba. Leo misalaba "ya kale" inauzwa hadharani, na mingi imetoka kwenye tanuri juzi. Wazoefu hutazama pembe za ndani: kutu ya kweli imekaa ndani ya vinyweleo vya shaba, ya kughushi inatoka kwa ukucha. Na ule ulio wa kale kweli una sheria ya 1971 ya kulinda mali za utamaduni, jambo ambalo wauzaji hulitaja kwa sauti ya chini.

Malakiti ina udanganyifu wake. Mistari ikiwa sawasawa mno na jiwe likawa jepesi na la vuguvugu shavuni, hiyo ni plastiki. Kwa mawe ghafi, lebo ndiyo muhuri. Jina la Mashamba, mashimo tunayoyajua kwa shaba na kobalti, limeandikwa chini ya vipande vya malakiti na kalsiti ya waridi katika makabati ya Ulaya na Marekani, na huuzwa kwenye maonyesho ya Tucson na Munich. Kwa kuwa jina hilo linauza, mawe ya mashimo mengine nayo hubatizwa Mashamba kabla ya kufika uwanja wa ndege.

Afisa mmoja wa mkoa anasisitiza kwamba fedha za kuinua mafundi zipo. Anataja kanuni ya madini ya 2018: katika mrabaha, asilimia 25 ni ya mkoa na 15 ya eneo lenye mgodi. Asilimia hizo ni za kweli, ziko kwenye sheria. Tulipouliza ni kiasi gani kimefika kwa mfua shaba hata mmoja, alirudia asilimia zilezile.

Kuhusu mbele, ni vigumu kusema. Mwezi Mei 2024 tani ya shaba ilipita dola 10,000 London. Mgodi ulifurahi, fundi anayenunua mitraye, yaani shaba chakavu, kwa kilo hakufurahi. Wageni wa migodini huenda wakaongezeka, huenda mikataba yao ikaisha. Kuna vijana wanaoanza kugonga alama zao, na pengine wakusanyaji watazizoea.

Mmoja wao alichonga muhuri wake wa herufi mbili kutoka kwenye tindo kuukuu. Haukumaliza mwezi kabla jirani yake, naye mfua shaba, hajaja kuomba auazime.