Liliom na Vijana Walioufufua

Tarehe 7 Desemba 1909, hadhira ya Budapest iliyozoea kuchekeshwa na Ferenc Molnár iliingia kwa furaha katika ukumbi wa Vígszínház kutazama mchezo wake mpya, Liliom, ikatoka imeduwaa. Kwani shujaa mwenyewe, mpiga debe wa bembea ya farasi wa mbao, mwenye mkono mwepesi wa kupiga na ulimi mzito wa kutamka mapenzi, alijichoma kisu akafa kabla mchezo haujakwisha, kisha akafikishwa mbele ya hakimu wa akhera katika mahakama iliyofanana na kituo cha polisi cha mtaani. Haukudumu jukwaani.

Waliouinua ng'ambo walikuwa vijana. Theatre Guild ya New York, jamii ya wasanii iliyoundwa mwaka 1918 kwa azma ya kuonyesha tamthilia ambazo matajiri wa Broadway walizikimbia kwa kuhofia hasara, iliuigiza tarehe 20 Aprili 1921 kwa tafsiri ya Benjamin Glazer. Joseph Schildkraut, mwenye miaka 25, akawa Liliom, na Eva Le Gallienne, wa miaka 22, akawa Julie, mtumishi wa nyumbani anayepoteza kazi kwa ajili yake. Watu walifurika.

Naiheshimu jamii ile kwa kuwa haikupakwepa palipo pagumu. Baada ya miaka 16 ya kutakaswa motoni, Liliom anaruhusiwa kurudi duniani siku moja amwone bintiye Louise aliyezaliwa baada ya kifo chake. Anamletea nyota aliyoiba mbinguni, binti anakataa kuipokea, na baba, ambaye hata adhabu ya akhera haikumgeuza tabia, anampiga. Louise anastaajabu kwamba kofi halikumwuma, na Julie, aliyepigwa na mkono ule ule zamani, anamwambia kuwa jambo hilo lawezekana. Jibu hilo silikubali hata kidogo, kwani dhuluma haigeuki huba kwa sababu aliyedhulumiwa anapenda. Lakini Molnár naye hakumghufiria Liliom, bali alimrudisha mikononi mwa askari wa mbinguni akiwa ameshindwa mtihani wake.

Aprili 1945 Theatre Guild iliurudia mchezo kwa jina la Carousel, kwa muziki wa Richard Rodgers na maneno ya Oscar Hammerstein, ukahamishiwa pwani ya Maine na mwisho wake ukalainishwa. Vijana watakaoufufua leo nawasihi waende kwenye asili yake, waubakishe uchungu wote, na wala wasimfanye Julie kielelezo cha subira.