Jino langu lilivyoniaibisha Nyarugusu

MSOMAJI wangu, kama una jino la kuziba, punguza mbwembwe kwenye muhindi wa kuchoma. Mwenzio yamenikuta.

Nilikuwa Nyarugusu, kule Kasulu, kwenye kambi iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya ndugu zetu waliokimbia vita Kongo, enzi hizo ikiitwa Zaire. Mama mwenyeji wangu, Mkongo, alikuwa anaandaa ugali na sombe, yaani kisamvu. Mimi na kiherehere changu nikaomba muhindi kwanza. Kutafuna mara mbili, kah! Kitu kigumu kwenye ulimi. Nikadhani jiwe. Kumbe ni dawa ya kuzibia jino niliyowekewa mjini miezi minane nyuma, tena kwa hela ya jasho langu!

Usiku ule sikulala. Kulipokucha nikaapa: ling'olewe, yaishe.

Daktari wa meno niliyempata Kasulu mjini alichungulia, akaguna. "Kaka, unataka kutupa jino zima? Kilichotoka ni kizibo tu."

Nikamuuliza, mbona hakikudumu? Akanipa darasa la bure.

Kizibo cheupe, alisema, ni zege dogo. Plastiki ndiyo saruji, chembe za kioo au kauri ndizo kokoto, na kwa uzito kokoto ndizo nyingi. Ila plastiki na kioo havipendani. Ukivichanganya hivi hivi, kila unapotafuna vinaachana kidogo kidogo, maji ya mate yanapenya, kizibo kinamomonyoka.

Ndoa hiyo ilihitaji mshenga. Mmarekani Rafael Bowen alimpata, akapewa hataza mwaka 1962. Alipaka unga wa silika dawa ya jamii ya sileni kabla ya kuuchanganya na plastiki. Dawa hiyo ina mikono miwili: mmoja unashika kioo, wa pili unashika plastiki. Kila chembe inavaa koti jembamba lisiloonekana kwa macho, na nguvu yote imejificha humo. Hata watafiti wa vipande vya kuungia mifupa wamejaribu ujanja huo: unga wa madini yanayofanana na ya mfupa unapakwa kwanza, ndipo unakutana na plastiki.

"Sasa langu lilikosa koti?" nikauliza.

Dokta akacheka. Koti linapakwa kiwandani. Langu, kwa alivyoona, liliponzwa na mate. Kizibo cha aina hiyo kinataka jino kavu kabisa, gundi yake, na taa maalumu ya kukigandisha. Mate yakiingia mapema, hata chembe zivae suti, kizibo kitadondoka kizima kizima, kama changu.

Na pasipo na umeme? Hapo, jamani, tujivune kidogo. Njia ya kukwangua uozo kwa vifaa vya mkono na kuziba kwa saruji ya unga wa kioo na tindikali, bila mashine wala taa, ilianza kujaribiwa hapa hapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980, kisha ikasambaa duniani. Saruji hiyo inalishika jino yenyewe, ingawa kwa kutafuna vigumu haifui dafu mbele ya kizibo cha plastiki.

Basi nikazibwa upya, mdomo umejazwa pamba mpaka nikashindwa hata kusema asante. Ushauri wangu: jino likiuma, usikimbilie koleo. Uliza kwanza kama linazibika, maana likishang'oka halirudi.

Na muhindi? Ninakula bado. Ila upande wa pili.