Jenereta ya Trela lenye Makazi: Hesabu Kabla ya Ununuzi

Huko Marekani na Kanada, wafugaji wengi wa farasi wa mashindano husafiri na trela refu livutwalo na gari. Sehemu ya nyuma ya trela hilo ni zizi la farasi. Sehemu ya mbele ni chumba chenye vitanda, jiko, jokofu na bafu. Trela likiegeshwa mahali palipo na nyaya za umeme, hakuna shida. Likiegeshwa uwanjani au porini, umeme hauna budi kutoka katika jenereta, na mara nyingi jenereta hiyo huwa imejengewa ndani ya trela lenyewe.

Kuichagua mashine hiyo huonekana kuwa ni kazi ya fundi na muuzaji tu. Kwa hakika ni kazi ya fizikia na kemia zifundishwazo katika shule za sekondari. Atakayekosea hesabu ya umeme ataunguza mota. Atakayekosea njia ya moshi aweza kupoteza maisha ya waliolala.

Hesabu ya mahitaji

Hatua ya kwanza ni kujumlisha nguvu za vyombo vitakavyotumika kwa wakati mmoja. Tuchukue trela lenye kiyoyozi cha wati 1,500, tanuri ya mikrowevu ivutayo wati 1,500, chombo cha kuchajia betri cha wati 500, na taa pamoja na pampu ya maji za wati 300. Jumla ni wati 3,800. Kwa hiyo jenereta ya wati 4,000 yaonekana kutosha.

Umeme wa majumbani huko Marekani ni wa volti 120. Tukigawanya nguvu kwa volti, kiyoyozi peke yake huvuta mkondo wa ampea 12.5, na jenereta nzima yaweza kutoa ampea 33 hivi. Hata hivyo, hesabu haiishii hapo. Mota ya kiyoyozi inapoanza kuzunguka, kwa muda mfupi huvuta mkondo uliozidi ule wa kawaida mara tano au zaidi. Katika mfano wetu, ampea 12.5 zitapanda na kupita 60. Jenereta nyingi huweza kustahimili mzigo wa ziada kwa muda mfupi sana, lakini zikiwa tayari zimebeba vyombo vingine, volti hushuka, mota hushindwa kuzunguka, na nyaya zake hupata moto. Ndiyo maana kiyoyozi huwashwa kwanza, kabla ya vyombo vingine. Na mafundi wengine hukifungia kifaa cha kupunguza mkondo huo wa kuanzia.

Mwinuko nao hula nguvu

Wati zilizoandikwa juu ya mashine hupatikana mahali palipo karibu na usawa wa bahari. Kadiri mtu apandavyo mlimani, hewa huwa nyepesi, na oksijeni iingiayo katika silinda hupungua. Injini ya kawaida hupoteza karibu asilimia 3.5 ya nguvu zake kwa kila mita 300 za mwinuko. Mji wa Denver uko mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari. Jenereta yetu ya wati 4,000 ikifika huko itatoa wati 3,300 hivi tu, ilhali mahitaji ni 3,800. Mwenye trela atalazimika kuzima tanuri au kiyoyozi, kimojawapo. Nairobi na Mbeya ziko katika miinuko inayokaribiana na huo, na kanuni hii hufanya kazi huko vilevile.

Je, dawa ni kununua mashine kubwa mno? La. Mashine kubwa ni nzito, nayo hutumia mafuta mengi hata ikiwa na mzigo mdogo. Injini ya dizeli ikifanya kazi kwa muda mrefu bila mzigo wa kutosha haipati joto linalofaa. Mafuta hayaungui yote, na masizi hujikusanya ndani yake.

Kasi na kelele

Nchini Marekani mkondo geu hubadilika mara 60 kwa sekunde. Jenereta yenye ncha mbili za sumaku hupata kiasi hicho kwa kuzunguka mara 3,600 kwa dakika. Yenye ncha nne huzunguka mara 1,800 tu. Hii ya pili huwa kubwa na ghali zaidi, lakini kwa kawaida ina kelele kidogo na hudumu. Tanzania na Kenya hutumia mabadiliko 50 kwa sekunde, hivyo kasi hizo huwa 3,000 na 1,500. Zipo pia jenereta ambazo mkondo wake hugeuzwa kwanza kuwa mnyoofu, kisha hurudishwa kuwa geu kwa vifaa vya elektroniki. Injini ya namna hiyo hupunguza mwendo mzigo unapopungua.

Mafuta gani?

Trela halina tangi la mafuta kama gari. Kwa sababu hiyo wengi hupendelea propani, kwani mitungi yake tayari imefungwa kwa ajili ya jiko. Propani haiharibiki ikikaa, hali petroli iliyokaa miezi mingi huacha utomvu unaoziba kabureta. Lakini lita moja ya propani ina nishati ya megajuli 25 hivi. Petroli ina 32, na dizeli 36. Tena uzito wa molekuli ya propani ni 44, na wastani wa hewa ni 29. Gesi hiyo ikivuja hutuama chini, ikingoja cheche.

Joto na moshi

Jenereta ya petroli ya kilowati 4, ikibeba mzigo wake wote, hutumia lita 2.5 hivi kwa saa, yaani megajuli 80. Umeme upatikanao ni megajuli 14.4 tu. Zilizobaki, zaidi ya megajuli 65, ni joto, sawa na kilowati 18 katika kabati dogo la chuma. Hewa ya kulipoza kabati hilo isipopita vizuri, mashine itazimika au kuungua. Hatari huzidi pale jenereta inapowekwa juu ya paa, karibu na nyasi kavu za farasi.

Lililo zito kuliko yote ni kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Uzito wa molekuli yake ni 28, karibu sawa na hewa. Haipandi wala haitui, bali huchanganyika. Hushikamana na himoglobini ya damu kwa nguvu ipitayo ile ya oksijeni mara 200 na zaidi. Aliye macho huumwa kichwa na kuona kizunguzungu; aliyelala huenda asiamke.

Mwezi Agosti 2000, katika Ziwa Powell huko Marekani, watoto wawili ndugu walifariki walipokuwa wakiogelea nyuma ya mashua yenye makazi. Moshi wa jenereta ulikuwa ukitoka katika uwazi ulio chini ya jukwaa la nyuma. Hawakuwa chumbani, walikuwa nje, chini ya anga. Watafiti wa serikali walipima baadaye, wakaona kwamba bomba la moshi likipandishwa juu ya paa, gesi hiyo hupungua sana pale walipo watu.

Basi kabati la jenereta lisiwe na tundu lolote la kuelekea chumbani. Bomba la moshi lipite nje ya ukingo wa trela, mbali na madirisha na zizi, wala lisiishie chini ya sakafu. Kifaa cha kugundua kaboni monoksidi kifungwe chumbani, na mashine izimwe kabla ya kulala. Taa na feni za usiku zaweza kutumia betri zilizochajiwa mchana.

Mwalimu aweza kuwapa wanafunzi zoezi: waorodheshe vyombo vya nyumba moja, watafute jumla ya wati, kisha wapunguze nguvu ya jenereta kulingana na mwinuko wa mji wao. Swali la mwisho liwe hili: upepo ukigeuka usiku, moshi utaelekea wapi?