Kafyu, Uchungu na Nambari 1195

Kafyu ya korona nchini Kenya ilianza Ijumaa, Machi 27, 2020: kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Jioni hiyohiyo polisi waliwarushia vitoa machozi watu waliokuwa wakikimbilia feri pale Likoni, na kufikia Jumamosi hakuna aliyehitaji kufafanuliwa zaidi. Maduka yakafungwa mapema, matatu zikaegeshwa, bodaboda wakalala. Lakini kuna watu ambao wasingeweza kutii hata wangetaka, nao ni wanawake ambao siku zao zilikuwa zimetimia.

Katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Nairobi, Dkt Jemimah Kariuki, ambaye wakati huo alikuwa akisomea ubingwa wa magonjwa ya wanawake na uzazi, aliona wodi ya wazazi imepoa usiku kupita kawaida. Wajawazito hawakuwa wamepungua mjini. Walikuwa majumbani, wakingoja kupambazuke, na baadhi yao walipofika walikuwa tayari na matatizo ambayo saa tano au sita nyuma yangetibika kwa urahisi. Mwenye gari aliogopa rungu la askari. Asiye na gari hakupata wa kumbeba kwa bei yoyote.

Hapo ndipo ulipozaliwa mpango wa Wheels for Life, mwezi wa Aprili mwaka huohuo. Mama alipiga 1195 bila kulipa hata senti. Upande wa pili alipokea daktari, akamhoji, kisha akaamua: huyu shida yake inamalizika kwa ushauri, huyu apelekewe teksi yenye kibali cha kutembea usiku, na huyu ni wa ambulensi sasa hivi. Teksi zilitoka kampuni ya Bolt, ambulensi zikaratibiwa na kampuni ya Rescue. Aliyebuni mpango alikuwa mwanafunzi wa udaktari bingwa, si wizara, jambo ambalo lingepaswa kuwashughulisha wakubwa kuliko lilivyowashughulisha.

Tunapotaja tiba kwa simu, watu wengi hufikiria video: daktari kwenye skrini, mgonjwa sebuleni, intaneti ya kasi. Kwa mama wa Mathare au Kibera mwenye simu ya mulika mwizi, hiyo ni hadithi ya nchi nyingine. Kilichofanya kazi ni sauti tupu na maswali yaliyopangwa vizuri. Mimba ina miezi mingapi? Uchungu unakuja baada ya dakika ngapi? Chupa imepasuka? Maji yana rangi gani, meupe au ya kijani? Mtoto anacheza? Kama kuna damu, haulizwi "ni nyingi?", kwa sababu hofu haina kipimo na aibu pia haina. Anaulizwa amebadilisha pedi ngapi tangu saa moja, na kama zilikuwa zimeloa kabisa. Anayejibu kwamba ameloanisha moja chini ya saa nzima hahitaji swali jingine. Kichwa kinauma sana? Unaona vimulimuli? Uso umevimba? Mama akijibu ndiyo, ndiyo, ndiyo, daktari mzoefu anakuwa ameshaita gari kabla hajamaliza kuuliza.

Lakini huwezi kupima presha kwa kusikiliza. Kifafa cha mimba huanza na presha inayopanda kimyakimya. 140 kwa 90 ni onyo, 160 kwa 110 ni dharura, na mwenyewe anaweza kuwa amesimama jikoni akikaanga samaki bila habari. Kwa sababu hiyo hospitali zilizofanikiwa kupunguza safari za kliniki wakati wa korona ziliambatanisha simu na kitu kingine. Mjini Melbourne, Australia, hospitali za Monash Health zilihamishia sehemu kubwa ya kliniki za wajawazito kwenye simu na video tangu Machi 2020, huku wanawake wakijipimia presha. Utafiti uliotolewa na jarida la Lancet mwaka 2021, uliohusu zaidi ya watoto 20,000 waliozaliwa, haukuona madhara kwa mama wala mtoto. Na Dallas, Marekani, katika hospitali ya umma ya Parkland inayohudumia hasa wanawake wasio na uwezo, baadhi ya mahudhurio yalifanywa kwa simu ya kawaida, bila video. Matokeo hayakuwa mabaya kuliko ya mwaka uliotangulia.

Habari hizo zinavutia, lakini tuzisome kwa makini. Mwanamke wa Dallas hakuacha kuonana na daktari. Simu ilichukua nafasi ya mahudhurio machache tu kati ya mengi. Ratiba ya Marekani yenye mahudhurio 12 hadi 14 ilitungwa mwaka 1930, na hata kabla ya korona kulikuwa na madaktari waliokuwa wakihoji kama kweli mwenye mimba isiyo na tatizo anahitaji safari zote hizo. Kwetu hali ni kinyume. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mara nane, na bado wapo wasiofikisha hata nne. Ukimpunguzia mahudhurio mama aliyekwenda mara tatu, umebakisha nini?

Kwa hiyo huku kwetu simu imefaa zaidi ilipoongeza huduma kuliko ilipojaribu kuchukua nafasi ya mahudhurio. Tanzania ilianza mwaka 2012 na Wazazi Nipendeni: mama alituma neno MTOTO kwenda 15001, akawa anapokea ujumbe bure kulingana na umri wa mimba yake. Kenya kuna PROMPTS ya shirika la Jacaranda Health, ambayo mbali na kumkumbusha mama tarehe ya kliniki, humruhusu kuuliza swali lake na kujibiwa. Maswali yanayoashiria hatari hutangulizwa ili mhudumu wa afya ayashughulikie haraka. Mjamzito aliyeogopa kukanyaga hospitali mwaka 2020 kwa kuhofia kuambukizwa angalau alikuwa na wa kumuuliza.

Ila simu nyingi si za mtu mmoja. Ni ya mume, na mume yuko kazini nayo. Au ni ya nyumba nzima, ipo juu ya meza, na ujumbe kuhusu kupanga uzazi unasomwa kwanza na mama mkwe. Hata mazungumzo ya sauti yana taabu zake: katika chumba kimoja chenye watu sita, nani ataeleza kwa sauti kwamba anatokwa na uchafu wenye harufu? Atajibu "niko sawa, daktari", na daktari ataandika kwamba yuko sawa. Wakunga wazoefu hupitia njia nyingine. Humtaka ajibu ndiyo au hapana tu, au humwomba atoke nje kidogo kama anaweza kutembea.

Tatizo hilo huzidi baada ya kujifungua. Mama amerudi nyumbani, wageni wanamtazama mtoto, na pwani anakaa ndani siku arobaini akihudumiwa na ndugu. Anakandwa, anapikiwa uji wa pilipili manga, lakini hakuna anayempima presha, ilhali presha inaweza kupanda siku ya tatu hadi ya sita baada ya kuzaa hata kwa aliyekuwa mzima wakati wa mimba. Philadelphia, Marekani, walishaitambua hatari hiyo kabla ya korona: katika mpango uitwao Heart Safe Motherhood, waliokuwa na presha ya mimba walitoka hospitali na kipimo mkononi, wakatuma namba kwa ujumbe wa simu mara mbili kwa siku. Jirani zetu wa pwani wana arobaini tayari, yaani siku arobaini ambazo mama anapatikana mahali pamoja na ana watu wa kumhudumia. Kinachokosekana ni kipimo kimoja na mtu wa kupokea namba.

Mwaka 1994 watafiti Sereen Thaddeus na Deborah Maine waligawa vifo vya wazazi katika ucheleweshaji wa aina tatu: wa kuamua kutafuta huduma, wa kufika, na wa kuhudumiwa baada ya kufika. Ushauri wa simu peke yake unagusa wa kwanza. 1195 iligusa wa pili kwa sababu nyuma ya sauti kulikuwa na gari, na gari lina gharama ambayo lazima mtu ailipe kila usiku. Mpango ulioanza kwa moyo wa kujitolea na misaada hauwezi kuendelea hivyo miaka kumi.

Tanzania ilijaribu kulijibu hilo mapema. M-mama ilianza Kanda ya Ziwa mwaka 2013 na mwaka 2022 ikatangazwa kuwa mpango wa taifa. Mtu hupiga 115, mratibu huuliza dalili kwa kufuata mwongozo, na pasipo na ambulensi huitwa dereva wa jamii mwenye gari lake, aliyesajiliwa kijijini hapohapo. Akishamfikisha mama kituoni, nauli yake inaingia kwenye simu, na mama hadaiwi chochote.