Nyambizi ya Watu Wawili



Sisi wa Hale tunayajua maji ya Mto Pangani. Yakitupita hapa yanakwenda kuingia Bahari ya Hindi. Katika bahari hiyo hiyo kuna kisiwa kikubwa cha Bukini, yaani Madagaska. Huko, usiku wa tarehe 30 Mei 1942, watu wawili waliitoboa manowari kubwa ya Waingereza.

Walitumia nyambizi ndogo. Nyambizi ni chombo kinachozama kwa makusudi na kwenda chini ya maji. Nyambizi za kawaida hubeba mabaharia wengi. Hii ya Wajapani ilibeba wawili tu. Urefu wake ulikuwa mita 24, lakini upana haukufika mita mbili. Ilikuwa na uzito wa tani 46. Manowari iliyopigwa, jina lake Ramillies, ilikuwa na zaidi ya tani 25,000!

Je, chombo hicho kiliendaje? Kiliendeshwa kwa umeme wa betri. Hakikutoa moshi. Lakini betri zikiisha, hapakuwa na njia ya kuzijaza safarini. Ndiyo sababu nyambizi kubwa iliibeba ile ndogo mgongoni, kama mama abebavyo mtoto, ikaiachia karibu na bandari.

Bandari yenyewe ni Diego Suarez. Siku hizi inaitwa Antsiranana. Waingereza walikuwa wameiteka kutoka kwa Wafaransa mwanzoni mwa mwezi ule, ili Wajapani wasiitumie. Tarehe 29 ndege ngeni ilipita juu yao. Wakashtuka, wakaihamisha Ramillies mahali pengine. Haikusaidia.

Kesho yake usiku nyambizi ndogo mbili ziliachiwa. Moja ilipotea baharini. Ya pili ilikuwa na Saburo Akieda na Masami Takemoto. Ilibeba topido mbili, yaani mabomu yanayojiendesha majini. Moja iliitoboa Ramillies. Nyingine iliizamisha meli ya mafuta, British Loyalty. Ramillies haikuzama, lakini ilibidi iende Durban kutengenezwa.

Watu wale wawili hawakuweza kurudi. Chombo chao kilikwama. Wakashika njia ya nchi kavu, kutafuta mahali pa kuchukuliwa na nyambizi kubwa. Njaa iliwauma. Wakanunua chakula katika kijiji cha Anijabe, na habari zao zikawafikia Waingereza. Baada ya siku chache walizingirwa. Walipigana mpaka wakauawa, na askari mmoja wa Kiingereza akafa pia. Wanakijiji wale hawakuwa na ugomvi na Mjapani wala Mwingereza. Vita iliwafuata mpaka jikoni.

Hata watu wetu walipelekwa huko. Mwezi wa Juni 1942 askari wa KAR kutoka Tanganyika, Kenya na Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, walifika Diego Suarez. Walibaki wakipigana kisiwani mpaka Wafaransa walipoweka silaha chini mwezi wa Novemba. Kama babu yako alikuwa KAR na aliwahi kutaja Bukini, basi ndiko huko.