CHA JUU: LINI FAIDA YA MTU WA KATI HUWA HALALI?

 

Katika toleo hili tumeona tuzungumzie jambo ambalo vijana wetu wengi wameliingia bila kuliuliza. Kijana hajui kuchora nembo wala kutengeneza tovuti, lakini anajua kuzungumza na watu. Anampata mwenye duka anayetaka nembo na kibao, wanakubaliana Sh. 150,000. Kisha anamtafuta mchoraji anayeifanya kazi hiyo yote kwa Sh. 90,000. Zinazobaki, Sh. 60,000, anaziweka mfukoni. Mtaani pesa hiyo inaitwa "cha juu". Wengine hufanya hivyo hivyo kwa njia ya intaneti: kazi inatoka ng'ambo, yeye anaipokea, na mwingine ndiye anayeifanya. Ni kazi ya ziada, ya jioni baada ya masomo au baada ya kazi ya mchana.

Suali linalokuja ni hili: je, pesa hiyo ni halali, na hali mwenyewe hakushika hata kalamu? Jibu letu ni kwamba inategemea yeye amesimama wapi baina ya watu hao wawili. Kuna nafasi tatu, na kila moja ina hukumu yake.

1. ALIYEICHUKUA KAZI KATIKA DHIMA YAKE

Huyu amemwambia mwenye duka: "Mimi nitakuletea nembo na kibao vya namna hii, tarehe fulani, kwa bei hii." Kazi iko shingoni mwake. Mteja amenunua matokeo, hakununua mkono wa mtu maalumu. Huyu anaweza kumwajiri mwingine kwa bei ndogo zaidi, na kinachobaki ni chake.

Jambo hili si geni. Wanazuoni wa zamani walilijadili kwa mfano wa fundi wa nguo aliyepokea kazi kwa bei fulani akampa fundi mwenzake kwa bei ya chini. Wapo walioruhusu moja kwa moja, na wapo waliopenda kwanza awe ametia mkono wake kidogo, kama kukata kitambaa au kutoa uzi. Katika zama zetu, AAOIFI, taasisi yenye makao yake Bahrain inayotoa viwango vya fedha za Kiislamu, imeruhusu katika kiwango chake cha istisnai mtu aagizwe kutengeneza kitu, naye amwagize mwingine. Sharti lake ni kwamba mikataba hiyo miwili isifungamanishwe. Maana yake ni kuwa mchoraji akichelewa au akiharibu, wewe ndiye utakayejibu kwa mteja. Na mteja asipokulipa, mchoraji bado anakudai haki yake.

Hapo ndipo siri ya uhalali wa faida hii ilipo. Wanazuoni wana kanuni kwamba anayestahiki faida ni yule ambaye hasara nayo ingekuwa juu yake. Tuchukue hesabu ile ile. Umempa mchoraji kianzio cha Sh. 40,000, naye akatoweka. Ukatafuta mwingine, akataka Sh. 100,000. Nauli na vocha zimekula Sh. 8,000. Umetumia Sh. 148,000, na faida yako ni Sh. 2,000 tu. Ukiwa tayari kuyapokea hayo bila kumwongezea mteja hata senti moja, basi siku utakayopata Sh. 52,000 baada ya gharama, ni haki yako. Lakini ukiwa ni mtu wa kusema, "Mchoraji ameniangusha, mimi sina la kufanya," ujue hukubeba dhamana yoyote, na jiulize hiyo pesa unaichukua kwa lipi.

Lipo pia sharti la mteja kukuchagua wewe mwenyewe. Kama amependa khati yako au sauti yako, hapo huna ruhusa ya kumpa mwingine ila kwa idhini yake. Mwenye daladala aliyemwamini dereva fulani hapendi kusikia gari liko kwa deiwaka asiyemjua. Vivyo hivyo, ukiahidi kazi ya mkono wa mtu kisha ukaleta iliyotolewa na programu ya akili mnemba, umeuza kisichokuwa ulichoahidi.

2. ALIYETUMWA

Huyu ni wakala. Jirani amemwambia: "Mwanangu, nitafutie mchoraji mzuri, uniulizie na bei." Mchoraji anasema Sh. 90,000. Kijana anarudi na kusema, "Amesema laki na ishirini." Hizi Sh. 30,000 ndizo ambazo wengi huziita cha juu, na wanaona ni sawa na zile za mwanzo. Si sawa hata kidogo. Huyu hakubeba kazi. Kabeba amana ya aliyemtuma, na bei aliyopewa ni mali ya aliyemtuma. Hata mchoraji akipunguza bei, punguzo hilo ni la jirani. Kuongeza kwa siri ni khiyana, na kusema "amesema laki na ishirini" ni uongo juu yake.

Hii haina maana kwamba wakala au dalali afanye kazi bure. Imam Bukhari ameweka katika Sahihi yake mlango wa ujira wa dalali, na ndani yake amewataja watu wa elimu waliotangulia, kama Ibn Sirin na Ata, kuwa hawakuona ubaya kwa ujira huo. Amemtaja pia Ibn Abbas (R.A.) kuwa hakuona ubaya mtu kuambiwa auze nguo kwa kiasi fulani na kinachozidi kiwe chake. Imam Ahmad aliikubali njia hii. Wanazuoni wengine wengi, wakiwemo wa madhehebu ya Shafii ambayo wengi wetu wa pwani tunayafuata, waliona ujira wa namna hiyo haujulikani. Lakini angalia: hata kwa walioruhusu, mwenye mali anajua na ameridhia. Basi njia nyepesi na salama ni kusema mapema: "Nitakutafutia, na ujira wangu ni Sh. 10,000." Utashangaa ni wangapi watakubali kwa moyo mkunjufu.

3. ALIYEKODISHA JINA LAKE

Huyu ana akaunti yenye sifa nzuri katika soko la kazi la mtandaoni, naye humpa mwingine aitumie kwa jina lake. Upwork, lililochukua jina hilo mwaka 2015 baada ya Elance na oDesk kutangaza kuungana mwaka 2013, linakataza mtu kutumia akaunti ya mwingine. Wanaofanya kazi kwa kundi wana aina yao ya akaunti iliyo wazi kwa mteja. Aliyejiunga amekubali masharti hayo, na Muislamu ameamrishwa mwanzoni mwa Suratul Maida kutimiza mikataba. Zaidi ya hivyo, mteja anadanganywa kuhusu nani anazungumza naye.

Yapo na mambo ambayo kazi yenyewe ndiyo haifai, hata kila kitu kiwe wazi. Katika nchi jirani ya Kenya, vijana wengi wamekuwa wakiwaandikia wanafunzi wa ng'ambo insha na tasnifu zao. Mwenye akaunti huchukua kazi na kuwagawia waandishi kwa malipo madogo. Australia ilipiga marufuku kwa sheria mwaka 2020 kutoa huduma hiyo kwa wanafunzi wake, na Uingereza mwaka 2022. Nasi tunasema kuwa kumsaidia mtu apate cheti asichokisomea ni kusaidia udanganyifu, na mtu wa kati ana fungu lake katika dhambi hiyo kama alivyo na fungu lake katika pesa.

HAKI YA ANAYEFANYA KAZI

Tusimsahau mchoraji. Katika hadithi aliyoipokea Bukhari, Allah (S.W.) amemtaja miongoni mwa watu watatu atakaoshitakiana nao Siku ya Kiyama yule aliyemwajiri mtu, akapata kazi yake kamili, kisha asimpe ujira wake. Kwa hiyo tunashauri yafuatayo:

(a) Andika makubaliano mawili mbali mbali, moja na mteja na moja na fundi. Kila moja litaje kazi, bei, tarehe na idadi ya marekebisho.

(b) Usiahidi kazi ambayo hujajua nani ataifanya na kama anaiweza.

(c) Mlipe fundi siku mliyokubaliana, mteja awe amelipa au bado.

(d) Ukiulizwa na mteja kama unafanya mwenyewe, sema kweli. Faida yako si lazima uitaje, ila uongo hauruhusiwi.

(e) Mwanafunzi ambaye hajafikia umri asiingie mkataba bila walii wake. Masoko kama Upwork yenyewe hayampokei aliye chini ya miaka 18.

Wazazi nao tunawaomba wasiishie kufurahi kijana anapoleta unga na mafuta nyumbani. Wamuulize: "Pesa hii umeipata kwa kubeba kazi, kwa kutumwa, au kwa kukodisha jina?" Akiweza kujibu bila kutazama chini, tumuombee baraka. Akisitasita, tumsaidie aitengeneze biashara yake kabla haijawa mazoea. Na penye shaka, masheikh wetu wapo, waulizwe.

Tunamuomba Allah (S.W.) atutosheleze kwa halali yake na atuepushe na haramu yake. Wabillahi tawfiq.